Nani Kakwambia Usubiri Kiangazi?

Mvua za kwanza zikishaanguka, mwezi wa kumi na moja, napigiwa simu na vijana wa Dar es Salaam na Arusha wanaotaka kuja kutembea huku Katavi, shanta mgongoni, kwa basi, treni na miguu. Swali lao ni lile lile: "Kaka, si bora tusubiri mwezi wa saba?" Nikiwaambia waje sasa, wanasita. Wamekwisha kuaminishwa kwamba nchi ikiwa na mvua haitembeleki: njia zimekatika, wanyama hawaonekani, mbu wamejaa, na mwenye akili hungoja kiangazi. Imani hiyo ni potofu, na gharama yake inatuangukia sisi wa Ilembo, hapa Mpanda, kuliko wao.

Kwanza, kalenda wanayoifuata si yetu. Wanaambiwa waepuke masika, Machi hadi Mei, na wajihadhari na vuli. Hayo ni majira ya pwani na kaskazini. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaihesabu Katavi pamoja na Rukwa, Tabora, Mbeya na Ruvuma kwenye mvua za msimu, zinazonyesha mara moja tu kwa mwaka, Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo anayeihofia Mpanda ya mwezi Mei kwa sababu aliona maji yamefunika bonde la Jangwani kule Dar es Salaam, anahofia mvua ambayo huku imeshaondoka au inaaga. Mei kwetu mahindi yanakauka shambani, majani bado mabichi, na hewa imeoshwa vumbi lote.

Wapo wanaoleta hoja ya wazee, kwamba tangu zamani hakuna aliyesafiri wakati wa mvua. Ni kweli wapagazi wengi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 waliteremka pwani na mizigo wakati wa kiangazi, wakarudi kwao mvua ilipokaribia. Lakini walirudi kushika jembe! Asiyelima wakati huo angekula nini mwakani? Desturi ile ilikuwa ya mkulima mwenye shamba linalomngoja. Mgeni asiye na shamba ameirithi kama katazo, wala hajiulizi lilitoka wapi.

Hoja ya barabara ndiyo iliyokuwa na uzito, na siwezi kuipuuza kwa sababu niliionja. Barabara ya kwenda Tabora ilipokuwa udongo mtupu, nimelala ndani ya basi lililozama kwenye mbuga nyeusi, mtoto wangu ana homa mapajani, wanaume tukishuka kusukuma, tope likiwa magotini, hadi alfajiri. Usiku ule haukuwa na uzuri wowote na simtakii mtu mwingine. Waliojua nchi walipanda treni, kwa ile reli ya Kaliua hadi Mpanda waliyoijenga Waingereza kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Leo kutoka Tabora hadi Mpanda ni lami. Tope limebaki kwenye njia za vijijini, ila watu bado wanaisimulia Mpanda ya lile basi kama vile hakuna greda lililowahi kupita.

Kisha wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na leo yenye kilomita za mraba 4,471, inajulikana duniani kwa picha moja: viboko wamebanana kwa mamia kwenye dimbwi la tope, mgongo juu ya mgongo. Picha hiyo hupigwa mwishoni mwa kiangazi, na watalii hulipa fedha nyingi kuiona. Wengi hawaambiwi wanachokitazama. Mto Katuma unakauka, na umekuwa ukikauka mapema kuliko zamani kwa sababu maji yake yanageuzwa juu huko kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Viboko wale wanapigania maji ya mwisho. Sioni kwa nini dhiki ya mnyama iitwe msimu mzuri, na shibe yake iitwe msimu mbaya. Mvua ikinyesha, mbuga za Chada na Katavi zinajaa maji, viboko wanatawanyika, korongo wanakuwa wamefika kutoka Ulaya. Nakubali kwamba nyasi zikirefuka simba haonekani kirahisi, na kwamba gari halipiti kila njia ya hifadhini. Anayetaka simba tu na aje Septemba. Nawasemea wanaotaka kuijua nchi.

Na nchi hii hujulikana Januari. Toka Ilembo asubuhi, kabla ya mvua, maana mara nyingi inakuja mchana. Miyombo ambayo kiangazi ilikuwa vijiti na moshi wa mioto imefunga kivuli. Kando ya barabara akina mama wamepanga uyoga kwenye ndoo na mabeseni, mwingine mweupe mkubwa kama sahani, mwingine wa rangi ya yai, na kila mmoja ana jina lake na jinsi yake ya kupikwa. Kumbikumbi wanakamatwa usiku kwenye taa, wanakaangwa, wanaliwa na ugali. Kule Kakese na Mwamkulu watu wameinama majarubani wakipandikiza mpunga, na mgeni akivua viatu akaingia hakuna atakayemfukuza. Atachekwa mistari yake inavyopinda, kisha atapewa chakula. Mwezi wa tisa angekuta jaruba limepasuka na mwenye nyumba amekwenda mjini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Januari na Februari ndiyo miezi ya njaa. Akiba ya mwaka jana imekwisha ghalani, mahindi mapya bado ni majani, hela imefia kwenye mbolea na mahitaji ya shule. Mama ntilie anapika nusu ya sufuria. Kijana wa bodaboda anashinda chini ya mwembe. Gesti ina vyumba vitupu. Shilingi elfu kumi ya msafiri wa shanta ina kazi kubwa zaidi mwezi huo kuliko Agosti, watu wakiwa wamevuna. Anayemwambia asije anamnyang'anya mama yule mteja katika wiki anayomhitaji kuliko zote.

Hatari zipo. Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 Katesh, na yeyote anayetembea wakati wa mvua anapaswa kuyakumbuka. Usivuke maji yanayokwenda kasi juu ya daraja, hata kama dereva amesema yanapitika. Kaa upande wako mpaka yapungue, hata ikibidi kulala. Radi ikianza, toka uwandani wala usijikinge chini ya mti. Lala kwenye chandarua, na homa ikianza kapime siku hiyo hiyo.

Februari hii kuna watatu wamekubali kuja. Nimewaambia walete gambuti, chandarua na nailoni ya kufunika mizigo, na tiketi ya kurudi wasiikate mpaka wamefika.