Msituite Wageni Kwenye Gitaa

Leo tunaandika tukiwa na hasira, lakini ni hasira yenye hoja, kwa hiyo someni mpaka mwisho ndo mtujibu. Kuna neno moja limetuchosha. Neno lenyewe ni "wageni".

Kila ikikaribia Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, au sherehe yoyote yenye tenti na viti vya plastiki, ratiba ni ileile. Sisi wakimbizi tunapewa dakika kumi za "ngoma ya asili". Bendi ya magitaa inapewa jioni nzima, na hiyo bendi lazima iwe ya wenyeji. Katika sherehe moja, hatutaji wapi, wenzetu walifika na magitaa matatu na besi. Wakaambiwa: nyinyi ni wageni, chezeni ngoma za kwenu, gitaa waachieni watu wa hapa. Jioni watu wa hapa wakapanda jukwaani wakapiga Lingala mpaka saa sita ya usiku. Lingala! Wenzetu wamekaa chini ya mti na soda mkononi, wanasikiliza sebene ya kwao.

Na ile bendi hatuna ugomvi. Walipiga vizuri na tulicheza. Ugomvi wetu ni na hoja yenyewe, hii ya kusema eti gitaa lina mwenyeji na mgeni.

Tukibishana na vijana wenzetu wa mjini, wanatutolea mfano wa Uingereza. Wanasema: angalieni Oasis, wamerudi jukwaani mwaka 2025 baada ya miaka kumi na sita, Waingereza wamejaa viwanjani, wanaimba muziki wao wa gitaa, wa kwao kabisa. Na sisi Uganda tulinde wa kwetu. Haya, mfano tumeukubali. Tuuangalie vizuri.

Katikati ya miaka ya 1990 Uingereza ilikuwa na bendi ambazo magazeti yaliziweka kapu moja na kuliita Britpop: Blur, Oasis, Suede, Pulp. Agosti 14, 1995, Blur na Oasis walitoa wimbo siku moja, taarifa za habari zikalishughulikia kama fainali ya mpira. Blur waliuza nakala kama 274,000 na Oasis kama 216,000. Mwaka uliofuata Oasis walipiga usiku mbili pale Knebworth mbele ya watu kama 250,000. Noel Gallagher alikuwa na gitaa lililochorwa bendera ya Uingereza. Bendera juu ya gitaa! Uzawa gani tena unautaka?

Sasa uliza: Noel na mdogo wake Liam ni watoto wa nani? Wazazi wao wote wawili walitoka Ireland wakahamia Manchester kutafuta maisha. Mama yao, Peggy, alitoka Mayo. Kabla yao, Manchester hiyohiyo, kulikuwa na The Smiths, bendi ambayo Oasis wenyewe waliipenda: Morrissey na Johnny Marr, nao ni watoto wa Waireland. Rudi nyuma zaidi kwa The Beatles, ambao Britpop iliwakopa bila kuficha. Beatles walijifunza kwa Chuck Berry na Wamarekani weusi wengine. Kwa hiyo lile gitaa lenye bendera lilishikwa na mtoto wa wahamiaji, akipiga muziki uliovuka bahari. Na Waingereza wanajivunia, na wana haki ya kujivunia. Hakuna aliyemwambia Noel akacheze ngoma za Ireland kwa dakika kumi halafu ashuke.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Queen, bendi ya gitaa ambayo kila Mwingereza anaijua, mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake iliondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 ikatua Uingereza. Kijana aliyekimbia pwani yetu ndo sauti ya Waingereza mpaka leo.

Na watu wa Jinja, jamani, nyinyi ndo mngetuelewa kuliko wote. Piteni Main Street mtazame yale majengo ya zamani, yalijengwa na Wahindi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke. Zaidi ya 27,000 kutoka Uganda walipokelewa Uingereza. Walipofika waliitwa wageni vilevile, wakaendelea kuishi, wakafungua maduka, wakazaa. Mji huu umeshawahi kutoa wakimbizi. Unajua lile neno linavyouma.

Turudi kwenye gitaa la kwetu, juu hapo ndipo hoja yao inaanguka kabisa.

Mwaka 1952, kule Katanga, katika mji wa Jadotville ambao leo unaitwa Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana anaitwa Jean Bosco Mwenda, mtoto wa Bunkeya. Alipiga gitaa moja kavu kwa vidole, kidole gumba kinashika besi na cha shahada kinaimba juu yake, ukifumba macho unadhani wako wawili. Zile sahani zilisambaa Afrika Mashariki nzima. Bosco mwenyewe alifika Nairobi, na Edouard Masengo wa Katanga naye akafika. Waliimba Kiswahili, hawakuhitaji mkalimani. Ng'ambo ya Mlima Elgon, ule mlima ambao watu wa Mbale wanauona asubuhi wakifungua mlango, Mluhya George Mukabi naye alikuwa anapiga kwa vidole, ameingiza mdundo wa sukuti ndani ya nyuzi, mwenzake anagonga chupa ya soda. Mpaka haukumzuia mtu kusikia.

Halafu zikaja bendi. Mnajua zinavyopangwa: gitaa la ridhimu linaweka njia, mi-solo inajaza katikati, solo inapanda juu, besi inasukuma, na mwimbaji akinyamaza sebene inafunguka na watu wanasimama. Nani alileta mpangilio huo hapa? Watu waliovuka. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, akaja Kampala katikati ya miaka ya 1970 na bendi ya Les Kinois, mwaka 1977 akahamia Nairobi, na 1981 akaunda Orchestra Virunga. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mwaka 1978 akafika Dar es Salaam, na Watanzania wakamwita Dokta. Mwaka 1989 albamu yake ya nyimbo za mtu maskini ilitolewa na Real World, kampuni ya Uingereza. Waingereza wenyewe walikuja kununua gitaa la Mkongo aliyeishi uswahilini!

Na Waganda nao walivuka. Philly Lutaaya alizunguka mpaka Kongo akiimba, kisha akaenda kuishi Sweden. Kila Desemba, hapa Jinja na kule Mbale, nyimbo zake za Krismasi zinapigwa kila duka, na alizitoa akiwa ugenini. Nani anathubutu kusema siyo muziki wa Uganda? Kama Lutaaya alibaki Mganda akiwa Stockholm, na kama Lingala imekuwa muziki wa harusi za Mbale, basi anayepiga Lingala leo akiwa na kadi ya ukimbizi mfukoni anaitwaje mgeni kwenye muziki huo?

Tusiwaonee wenyeji peke yao. Na sisi tuna watu wetu wanaosema Lingala ni yetu, Waganda wametuibia. Acheni hiyo. Ni hoja ileile imegeuzwa upande. Bosco hakuzaliwa na gitaa Bunkeya, lile gitaa lilikuja na meli. Embaire ya Wasoga na kadodi ya Wagisu zinatuingia masikioni kila siku, hasa mwaka wa imbalu, na wapigaji wetu wa Mbale tayari wanajaribu kuiga kadodi kwenye ridhimu. Huo siyo wizi. Ndivyo Mukabi alivyofanya na sukuti.

Wala hatudharau ngoma za asili. Mama zetu wakicheza tunalia. Tunachokataa ni kuambiwa kwamba mkimbizi anajua ngoma tu, kwamba akishika kitu chenye waya wa umeme anaiga. Ukimfungia mtu kwenye ngoma ya dakika kumi umemfungia na mshahara wa dakika kumi, yaani soda na asante. Jukwaa la jioni ndo lenye malipo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Kupiga solo ni kazi.

Kwa hiyo tunasema wazi. Nyinyi mnaopanga ratiba: msikilizeni mtu kwanza, ndo mumpangie saa. Kama hajui kupiga, mshusheni, hatutalalamika. Kama anajua, mlipeni sawa na mwingine. Nyinyi watangazaji wa redio za Jinja na Mbale: mkipiga wimbo wa zamani, tajeni mpigaji na alikotoka. Na sisi vijana: tuache kukaa chini ya mti. Tuko na wazee kambini waliopiga kwenye bendi kabla hatujazaliwa, na tunawapita kila siku tukienda kuchaji simu. Twendeni tukajifunze kwao wakiwa bado wapo.

Mwenye gitaa lenye nyuzi zilizokatika alilete, tutachanga za kununua nyingine. Mwenye spika Mbale atuandikie hapa chini. Na bendi ile iliyopiga jioni ile, kama mnasoma haya, mpigaji wenu wa mi-solo ni hodari. Tunamtafuta tufanye mazoezi pamoja.