Karo ya Januari huvuliwa Novemba

Ukiingia sokoni jijini Nairobi au Nakuru mwezi wa Julai ukauliza bei ya changu au nguru, huenda ukarudi nyumbani na sukuma wiki pekee. Rudi soko lilo hilo mwezi wa Januari, na mara hii huenda mchuuzi ndiye atakayekuita kwa jina. Sisi tulio mbali na Pwani hudhani kwamba mchuuzi amebadilika roho. La hasha! Kilichobadilika ni upepo.

Watoto wa shule hufundishwa juu ya pepo za monsuni katika somo la jiografia, wakapita mtihani kisha wakazisahau. Mvuvi wa Pwani hawezi kuzisahau hata siku moja, kwani ndizo zinazomwambia kama watoto watakula. Kuanzia mwezi wa Aprili hivi hadi Septemba huvuma kusi, upepo mkali utokao kusini. Bahari huchafuka, mawimbi hupasuka juu ya miamba, na vyombo vidogo hubaki ndani ya ukingo wa matumbawe. Ifikapo Oktoba na Novemba, kusi huchoka. Huingia matlai, kipindi cha upepo mwepesi usio na makao, na bahari ikalala kama mafuta kwenye sinia. Kisha huja kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi karne nyingi zilizopita.

Basi kiangazi cha mvuvi huanza pale matlai inapoifungua bahari. Wazee wa Pwani walikuwa na kalenda yao ya kuyafuatilia haya. Walihesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi, ambayo siku hizi huangukia mwezi wa Julai, wakazigawa katika makumi yaitwayo miongo. Siku ya mia inapowadia karibu na mwisho wa Oktoba, mzee hahitaji redio kumwarifu kwamba kusi imekwisha.

Leo natuvuke hadi Wasini tukaone msimu huo unavyopokewa. Wasini ni kisiwa chembamba cha mawe ya matumbawe, chenye urefu wa kilomita 5 hivi, katika Kaunti ya Kwale. Kinatazamana na Shimoni, karibu na mpaka wetu na Tanzania. Wenyeji wake ni Wavumba, na vijiji vyake vinavyojulikana sana ni Wasini na Mkwiro. Kusini mwa kisiwa kuna visiwa vidogo vya Mpunguti na Kisite, na mbele yake ni mkondo wa Pemba wenye kina cha mamia ya mita.

Wakati wa kusi, mvuvi wa huku hujishughulisha ufuoni. Ngalawa huvutwa juu na kukaguliwa, nyufa za mashua huzibwa kwa pamba na mafuta, nyavu hushonwa, na malema mapya husukwa. Lema ni mtego wa fito uliosukwa kama kikapu kikubwa chenye mdomo mmoja. Samaki huingia akifuata chambo, akashindwa kuukumbuka mlango. Matlai ikiingia, kazi hiyo yote ya ufuoni inapelekwa majini.

Lakini upepo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua, na katika Pwani yetu tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, maji husogea kidogo tu, nayo huitwa maji mafu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini anasomeshwa habari za mwezi na mvutano wake, amwulize mvuvi. Asiyejua hesabu hiyo atafika mwambani maji yamekwisha kuondoka, au atakuta mkondo una nguvu hata jiwe la mshipi halifiki chini.

Bamvua ndiyo siku ya kina mama. Mwilini mwa Pwani ya kusini maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na mwamba ukabaki wazi. Hapo huonekana wanawake na watoto wakitembea kwa uangalifu, ufito mkononi, wakichungulia kila tundu. Pweza hujificha shimoni, lakini hujisaliti kwa maganda ya kaa na makombe aliyoyatupa mlangoni baada ya kula. Kitoweo cha pweza wa nazi kinachosifiwa hotelini huanzia hapo.

Wanaume nao huelekea mbali zaidi. Karibu na nyasi za bahari hutegwa tafi. Penye mwamba hushushwa mshipi kutafuta changu na chewa. Nje ya miamba, ambako chombo kidogo kisingethubutu mwezi wa Julai, hurambazwa nguru, kolekole na jodari. Wageni wenye fedha pia huja Shimoni msimu huu kupambana na sulisuli na nduaro kwa fimbo na kamba. Wengi wao humpima samaki, wakamtia alama, kisha wakamwachilia aende zake. Mvuvi wa Wasini hutazama na kutabasamu. Yeye hana mchezo na samaki, kwani nyumbani kuna sufuria inayomngoja.

Tena si sufuria peke yake. Shule zetu hufungua mwaka mpya mwezi wa Januari. Sare, vitabu, daftari na karo vyote hudaiwa wakati mmoja. Mzazi wa mjini husubiri mshahara wa Desemba. Mzazi wa kisiwani hana mshahara. Mshahara wake ni majuma haya machache ya bahari tulivu, ambayo pia yanapaswa kulipa madeni aliyoyakopa kwa tajiri mwenye chombo wakati wa kusi. Ndiyo maana nasema karo ya Januari huvuliwa Novemba.

Na hapa ndipo penye fumbo. Miezi ile ile ya joto ambayo bahari humfungulia mvuvi mlango, samaki wengi nao huwa katika harusi yao. Tafi ni mfano mzuri. Katika eneo la Msambweni, si mbali sana na Wasini, wavuvi na wataalamu wanafahamu kwamba tafi hukusanyika kwa makundi makubwa kutaga mayai siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku hizo kumvua ni rahisi mno, kwani hana habari na mtego. Kila mmoja anayevuliwa kabla hajataga huondoka na maelfu ya mayai tumboni. Yaani mkono unaolipa karo ya mwaka huu unaweza kuichukua na ya mwaka ujao.

Isitoshe, mvuvi wa kisiwani hayuko peke yake. Kaskazi huleta wageni kutoka Pemba, mabingwa wa bahari wanaofuata samaki na kupiga kambi za muda ziitwazo dago. Udugu upo, lugha ni moja, na wengine wameoa huku. Lakini wanapokuja na nyavu kubwa za kuzungushia, zile za ringineti, mwenye lema na mshipi hunung'unika kwamba mgeni amebeba kwa siku moja kilichomtosha yeye kwa mwezi. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku juya na bunduki za mishale mwaka 2001. Juya hukokotwa chini hadi ufuoni, likasomba wakubwa na wachanga na kung'oa nyasi wanamokulia. Hata hivyo, marufuku haijazi sufuria, na baadhi ya watu bado hulitumia kwa siri.

Je, tumlaumu? Ni rahisi kwetu tulioshiba kumhubiria mwenye njaa. Lakini wahenga walinena kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali, na fumbo hili limeanza kutafutiwa jawabu. La kwanza ni la fundi: lema lenye upenyo mwembamba ubavuni. Samaki mchanga hupenya akaenda zake, mnene hubaki. La pili ni kupumzisha sehemu ya bahari. Kisite, jirani ya Wasini, imekuwa hifadhi tangu miaka ya 1970 na hairuhusiwi kuvuliwa, ilhali Mpunguti huruhusu uvuvi wa kienyeji. Mwanzoni wengi waliona wameporwa. Lakini samaki hajui mpaka. Akinenepa na kuzaana ndani, wengine hutoka nje wakakutana na lema.

Katika Kaunti ya Kilifi, wanakijiji wa Kuruwitu walikwenda mbali zaidi. Katikati ya miaka ya 2000 walikubaliana wenyewe kufunga sehemu ya bahari yao, hekta 30 hivi, wasivue humo. Eneo la namna hiyo Pwani huitwa tengefu. Mwaka 2017 kazi yao ilituzwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kule Pate, Lamu, wanajamii nao wamewahi kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kisha wakaifungua kwa pamoja. Pweza haishi sana, aghalabu mwaka mmoja au zaidi kidogo, lakini hukua upesi ajabu. Anayesubiri miezi michache hubeba mzigo mzito kutoka tundu lile lile.

Na wewe wa mjini, usidhani haya hayakuhusu. Mvuvi huleta kile anachojua kitanunuliwa. Ukikuta samaki wa mwambani wadogo kuliko kiganja chako wamerundikwa fungu moja, hao ni watoto. Waache, hata kama bei inavutia. Hapa siwasemi dagaa na simsim, ambao kimo chao ndicho hicho. Mwulize mchuuzi ametoka bandari gani na amevuliwa kwa nini, kwa mshipi, kwa lema au kwa wavu. Akiona wateja wanauliza, atawauliza waliomuuzia. Kisha chagua mwenye macho maangavu yaliyotokeza, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Mwenye macho yaliyozama na harufu kali mwachie paka.

Msimu huu wa sikukuu utakapompaka samaki wako tui la nazi, ukwaju na pilipili, ukamweka juu ya makaa, waeleze watoto mezani kwamba huenda samaki huyo amemnunulia mtoto wa Mkwiro daftari. Waeleze pia kwamba amewaacha wadogo zake majini, ili na mwakani shule ifunguliwe.