Darubini Nayo Ipoe Kabla ya Magharibi

Kila inapofika tarehe 29 Shaaban macho ya Waislamu wa Mbulu na Hanang huelekea magharibi kutafuta hilali. Wapo wanaosema madrasa zetu nazo ziwe na darubini, ili wanafunzi wajifunze elimu ya falaki kwa vitendo. Sisi tunaunga mkono. Ila tuna neno kwa wazazi watakaochangia: kinachoharibu kazi ya darubini mara nyingi ni joto lake yenyewe, nasi watu tunalaumu vioo.

Ile darubini fupi na nene, yenye kioo chembamba mbele na kioo kinene cha kurudisha mwanga nyuma, ni bomba lililozibwa pande zote mbili. Hewa ya ndani haina pa kutokea. Ikishinda stoo chini ya mabati, kioo na hewa hiyo hushika joto la mchana. Jua likizama, huku kwetu nyanda za juu hewa ya nje hupoa haraka, hasa Juni na Julai, miezi ambayo mbingu ni safi na baridi ni ya kutetemesha. Hapo hewa ya moto iliyofungiwa huanza kupanda na kuzunguka ndani ya bomba, na mwanga unaopita humo huyumba. Ni kama kumtazama ng'ombe ng'ambo ya moto wa kuni. Utadhani miguu yake inacheza.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alikwisha kueleza mwanzoni mwa karne ya 11, katika Kitab al-Manadhir, namna mwanga unavyopinda unapotoka katika kitu chepesi kuingia kizito. Hewa ya moto ni nyepesi, ya baridi ni nzito. Jambo ni lile lile.

Sasa tazameni hesabu. Darubini ya inchi 8 yaweza kuhitaji saa moja hadi mbili kupoa. Hilali changa mara nyingi huzama chini ya saa moja baada ya jua. Anayeitoa stoo baada ya adhana ya Magharibi, mwezi utamwacha. Au atauona ukingo unaotetemeka katika mwanga wa jioni, asijue ni mwezi au ni macho yake, na kesho yake watu wanafunga au wanakula kwa neno lake.

Kwa hiyo itolewe Alasiri, iwekwe kivulini, imefunikwa kifuniko chake. Kamwe isielekezwe kwenye jua, wala mtoto asiachwe nayo peke yake kabla jua halijazama kabisa, kwani jua ndani ya darubini hupofua mara moja.

Wako wataalamu wenye njia nyingine: huliviringisha bomba kwa sponji jembamba lenye foili juu, kama tunavyotunza chai kwenye chupa. Joto hutoka polepole, hewa ya ndani haivurugiki. Kwa masomo ya usiku mrefu tunaipenda njia hii, maana bomba tupu chini ya anga wazi hupoa upande wa juu kuliko hewa yenyewe, na mzunguko huanza upya. (Haipendezi machoni, tunakiri.)

Kujua kama imetulia, elekezeni kwenye nyota kali. Miezi ya mwanzo wa mwaka ipo Shi'ra, ile iliyotajwa katika Surat an-Najm. Vurugeni kidogo umakini wa picha mpaka nyota iwe duara. Mkiona kitu kama moshi kinapanda ndani ya duara, subirini.

Na kama fedha ni kidogo, darubini ndogo ya lenzi ya milimita 70 inatosha kwa madrasa. Hupoa kwa takriban nusu saa.

Kilichobaki ni kamati kuamua nani atakuwa na ufunguo wa stoo saa kumi jioni siku hiyo ya 29.