Bakteria Hawazoei Dawa, Jamani

Wiki iliyopita kijana mmoja mfugaji alinipigia simu saa tano usiku. Kuku wa nyama, wiki ya tatu, wanaharisha na wanakufa. Alishawapa enrofloxacin siku tano kamili. "Mkuu, hawa wadudu wameshaizoea hii dawa. Nitajie nyingine kali zaidi." Kilichomuuma zaidi ni kwamba jirani yake alichukua vifaranga siku ileile kwa wakala yuleyule, akanunua dawa duka lilelile, na kuku wake walipona. Kwa hiyo mawazo yalikuwa yanamruka: mara dawa feki, mara mkono wa mtu.

Dawa feki zipo, sikatai. Lakini hilo neno "wameizoea" ndilo ninalogombana nalo kila siku, maana linawafanya vijana mpoteze hela. Ukiamini bakteria huzoea dawa kama mtu anavyozoea pilipili, utadhani tatizo linaanza siku unapofungua pakiti. Sivyo. Linaanza kabla.

Hili lilithibitishwa mwaka 1943 huko Marekani na watu wawili waliotoka Ulaya, Salvador Luria wa Italia na Max Delbrück wa Ujerumani. Luria alikuwa kwenye dansi ya walimu wa chuo, akamwona mwenzake anacheza mashine ya kamari, ile ya kudumbukiza sarafu. Anakula hasara, anakula hasara, halafu ghafla mashine inamwaga sarafu tele. Hapo Luria akapata wazo.

Walichukua bakteria wa E. coli, wakawagawa wachache wachache kwenye vichupa vingi, wakawaacha wazaliane. Kisha kila kichupa kikamwagwa kwenye sahani iliyojaa virusi vinavyoua bakteria hao. Wanaobaki hai ndio sugu, unawahesabu. Sasa fikiri. Kama usugu unaletwa na kukutana na muuaji, kila kichupa kitatoa sugu wanaokaribiana idadi, kwa kuwa wote wamekutana naye wakati mmoja. Lakini kama badiliko la jeni hutokea lenyewe, kwa bahati, wakati bakteria wanazaliana, basi kichupa ambacho badiliko limetokea mapema kitakuwa na ukoo mzima wa sugu: mmoja kazaa wawili, wawili wanne, wanne wanane. Kingine kitakuwa hakina hata mmoja.

Matokeo? Katika jaribio moja la vichupa 87, vichupa 29 havikuwa na sugu hata mmoja, 17 vilikuwa na mmoja tu, na vichache vilikuwa na mamia. Ile mashine ya kamari kabisa. Sugu walikuwepo kabla muuaji hajafika.

Sehemu ninayoipenda ni hesabu yake. Huwezi kuchukua wastani wa sugu ukasema ndiyo kasi ya mabadiliko, kwa sababu vichupa viwili vitatu vyenye mamia vinauvuruga wote. (Mwaka 1949 Lea na Coulson walitengeneza njia ya kutumia namba ya katikati badala ya wastani, kwa sababu hiyohiyo.) Luria na Delbrück walitumia ujanja mwingine: walihesabu vichupa vitupu. Chukua punje 96 za mahindi uzitupe ovyo juu ya mashimo 87. Mengine yatapata mbili tatu, na kama 29 yatabaki matupu. Kwa hiyo theluthi ya vichupa kuwa vitupu inakwambia kila kichupa kilipata wastani wa mabadiliko 1.1. Kila kichupa kilikuwa na bakteria kama milioni 240. Gawanya: unapata karibu mabadiliko 5 kwa kila bakteria bilioni moja.

Unasema hiyo ni ndogo mno? Gramu moja tu ya kilicho kwenye utumbo mpofu wa kuku inaweza kuwa na bakteria zaidi ya bilioni 10, wa aina nyingi. Zidisha kwa kuku elfu moja. Kweli, namba ile ilikuwa ya usugu dhidi ya virusi vile tu, na kila dawa ina yake. Lakini kwa banda la biashara, swali la kama sugu yupo karibu halina maana. Yupo. Swali ni wangapi, na ukoo wao ulianza lini. Na hapo sijagusa bakteria kupeana jeni za usugu wao kwa wao.

Ndiyo maana napinga hii tabia ya kuwapa vifaranga antibiotiki wiki ya kwanza "kama kinga". Hukingi kitu. Unawaondoa dhaifu na kuwaachia sugu nafasi na chakula. Hiyohiyo enrofloxacin, Marekani waliipiga marufuku kwa kuku mwaka 2005, kwa sababu bakteria aitwaye Campylobacter huhitaji badiliko moja tu la jeni ili aishinde, na sugu hao walikuwa wanawafikia walaji.

Kasi ya mabadiliko huwezi kuishusha, hata ukinunua dawa ya bei mbaya kiasi gani. Unachoweza kushusha ni idadi. Maranda makavu. Vyombo vya maji vinavyooshwa kila siku, siyo kusuuzwa. Banda kupumzishwa kabla ya kundi jipya. Chanjo za kideri na Gumboro kwa wakati, kwa sababu kuku aliyedhoofishwa na virusi ndiye E. coli anamtafuta.

Na hizi shuhuda za kwenye magrupu, "mimi nilitumia hii ikanisaidia", muwe mnazisoma kwa tahadhari. Banda la jirani ni kichupa kimoja. Lako ni kingine. Hata mngelishana kila kitu sawasawa, ukoo wa sugu unaweza kuwa umeanza kwako siku ya pili na kwake haujaanza kabisa.

Yule kijana sikumtajia dawa kali. Nilimwambia kesho asubuhi achukue kuku wawili waliokufa usiku uleule, awaweke kwenye barafu na kuwapeleka maabara ya mifugo wapimwe ni bakteria gani na dawa gani bado inawaua. Alilalamika gharama. Nikamuuliza hizo pakiti tatu alizokwisha nunua zimemgharimu kiasi gani, akakaa kimya, kisha akaniuliza maabara hufunguliwa saa ngapi.