Homa isiyokuwa malaria nayo ipimwe

MWANZONI mwa Julai 2022, wagonjwa walianza kufika katika zahanati ya Mbekenyera, wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, wakiwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu wa mwili na kutokwa damu puani. Hofu ikatanda. Sampuli zilipelekwa maabara na majibu yakaonyesha kuwa si Ebola, si Marburg, wala si Uviko-19. Julai 18, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ugonjwa huo ni leptospirosisi, ambayo kwa Kiswahili imepewa jina la homa ya mgunda. Hadi wakati huo wagonjwa walikuwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki dunia.

Mgunda ni shamba kwa lugha kadhaa za makabila yetu, na kwa jina hilo tu mkulima anajua kuwa anayeitwa ni yeye. Bakteria wa ugonjwa huu hukaa katika figo za panya, ng'ombe, mbuzi, mbwa na wanyama wengine, kisha hutoka kwa njia ya mkojo. Mkojo huo huingia katika madimbwi, tope na udongo wenye unyevu. Binadamu huambukizwa kupitia michubuko ya ngozi, macho, pua au mdomo. Aliye hatarini ni yule anayelima mpunga bondeni bila viatu, anayechunga, anayechinja, na mfanyabiashara ambaye ghala lake la ufuta limevamiwa na panya.

Tunairudia habari ya Ruangwa kwa sababu moja. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria, kama doksisaiklini na penisilini, hasa mgonjwa akiwahi. Kwa hiyo mgonjwa anayepotea mara nyingi hapotei kwa kukosekana dawa duniani, bali kwa sababu hakuna aliyejua mapema anaumwa nini.

Tatizo hili si la Lindi peke yake. Mjini Moshi, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa mwaka 2007 na 2008. Kati yao, 528 waliandikiwa kuwa wana malaria. Maabara ilipochunguza, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu. Wagonjwa 40 walibainika kuwa na homa ya mgunda. Kwa hiyo mkulima anaweza kumeza dawa za malaria, kupoteza wiki mbili za palizi, kuuza gunia la akiba ili apate nauli ya hospitali, na bado asiwe ametibiwa kinachomsumbua.

Kwa nini basi ugonjwa huu haupimwi kirahisi kama malaria? Bakteria wake ni wembamba mno, wamejisokota kama uzi, na hadubini ya kawaida ya zahanati haiwaonyeshi. Kuwaotesha maabara huchukua wiki nyingi, wakati mwingine hadi miezi mitatu. Majibu ya namna hiyo yanamfaa mtafiti; mgonjwa aliye kitandani hayamsaidii.

Njia zinazotumika zaidi ni tatu, na kila moja ina wakati wake. Katika wiki ya kwanza ya homa bakteria wamo ndani ya damu, hivyo kipimo cha vinasaba, yaani PCR, kinaweza kuwagundua. Baada ya hapo hupungua katika damu na kuanza kuonekana kwenye mkojo. Mwishoni mwa wiki ya kwanza mwili unakuwa umeanza kutengeneza askari wake wa kinga, na hao hupimwa kwa kipimo cha Elisa. Cha tatu ni kile wataalamu wanachokiita MAT: majimaji ya damu ya mgonjwa huchanganywa na bakteria hai wa aina mbalimbali, na mtaalamu huangalia kwa hadubini maalumu kama wanagandana. Ili kipimo hiki kithibitishe ugonjwa, damu huchukuliwa mara mbili, kwa kupishana takriban wiki mbili, na kiwango cha kinga kikiwa kimepanda mara nne au zaidi jibu linakuwa dhahiri.

Utaalamu huo upo nchini. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimefanya kazi hii kwa miaka mingi kwa panya, mifugo na binadamu, na aina moja ya bakteria iliyogunduliwa huko ilipewa jina la Sokoine. Hilo ni jambo kubwa, kwani maabara inayotumia aina za bakteria wa nchi za nje peke yake inaweza kumwambia mgonjwa wa hapa kuwa ni mzima.

Sasa mwangalie mkazi wa Songo Mnara. Kisiwa hiki kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani kinajulikana duniani kwa magofu yake, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Lakini ni kisiwa cha watu pia, wanaolima, kuvua na kufuga. Tunakitaja kwa ajili ya umbali wake, si kwa ajili ya mlipuko wowote. Mgonjwa wake anasubiri maji na upepo ndipo avuke kwa chombo hadi Kilwa Masoko. Ukimwambia arudi baada ya wiki mbili kutolewa damu ya pili, unamtwisha nauli ya mara ya pili, na wengi hawatarudi. Si mgonjwa anayepaswa kusafiri kwa ajili ya kipimo. Sampuli ndiyo isafiri.

Tunaona mambo manne yanawezekana. Kwanza, hospitali ya wilaya na ile ya mkoa ya Sokoine, mjini Lindi, zihakikishiwe vitendanishi vya Elisa mwaka mzima, si wakati wa mlipuko tu. Pili, pawe na siku maalumu ya kukusanya sampuli kutoka visiwani na vijijini, zikiwa kwenye baridi, na majibu yarudi kwa simu. Tatu, mganga asisubiri majibu ya maabara ndipo aanze tiba kwa mgonjwa anayemshuku. Achukue damu kwanza, kisha aanze dawa. Nne, idara za afya na mifugo zizungumze. Ng'ombe au mbuzi wakitupa mimba mfululizo, ofisa mifugo apeleke sampuli katika maabara ya veterinari iliyopo Mtwara, na zahanati ya kijiji hicho ipewe taarifa.

Fedha? Halmashauri hukusanya ushuru wa ufuta na korosho kila msimu. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikirudi kulinda afya ya aliyelima, hakuna atakayelalamika. Ikumbukwe pia kuwa Julai ni wakati wa minada ya ufuta. Ugonjwa usiojulikana jina huzaa uvumi, na uvumi huweza kumfukuza mnunuzi.

Mkulima naye ana sehemu yake. Avae buti anapoingia kwenye tope, afunge vidonda, afukuze panya ghalani, afunike maji ya kunywa na kuyachemsha. Tahadhari hiyo izidi baada ya mafuriko kama yale ya mwaka 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilipokatika eneo la Somanga. Akishikwa na homa na kipimo cha malaria kikaonyesha hana, asiondoke kimya kimya. Amweleze mganga kuwa alikuwa bondeni, zizini au machinjioni. Maneno hayo hayagharimu kitu, nayo ndiyo yanayomwonyesha mganga kipimo cha kuomba.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ya mgunda yanajificha yenyewe, na wajibu wa kuyafichua ni wa maabara. Zisogezwe karibu na shamba.