Hiyo Chupa ya Kusafisha Figo

Wasee, kila nikifungua TikTok kuna mtu ameshika chupa ya maji ya kijani. Kunywa siku 14, presha inaisha, figo zinakuwa mpya, tembe za hospitali tupa. Watu wanatuma M-Pesa kabla video iishe.

Mimi sipingi mitishamba. Shosh alinilea na mwarobaini, ule uchungu bado uko kwa ulimi. Hata chai ya haibiskasi watafiti wameipima wakaona inashusha presha kidogo. Kidogo. Shida yangu ni hapo kwa "tupa tembe".

Presha haina kelele. Unaweza kuwa na 170 kwa 100 na bado unakatika kwa harusi ya kazini. Sasa mtu anaacha dawa, anakunywa chupa, anajisikia fiti, anaandika ushuhuda. Huko ndani mishipa midogo ya figo inaendelea kuumia kimyakimya. Na figo ndizo chujio lenyewe, zinasafisha damu usiku na mchana. Zikizima ni dialisisi, mara mbili ama tatu kwa wiki, karibu saa 4 kila ukienda. Uliza familia yoyote iliyofanya harambee ya hiyo kitu.

Halafu usiniambie "lakini ni ya asili". Kule Ubelgiji, miaka ya 1990, wanawake walipewa mitishamba ya kupunguza uzito kwa kliniki moja ya Brussels. Ndani kulikuwa na mmea unaitwa Aristolochia. Figo zao ziliharibika, wengine ikabidi wapandikizwe figo ya mtu mwingine. Asili tupu hiyo.

Mwezi jana muuzaji mmoja alinitumia ujumbe: elfu 15, video moja, niseme mathe amepona presha. Mathe hana presha! Maneno ya kusema walikuwa washaniandikia, hadi mahali pa kulia. Na mimi niliacha kampasi, kodi inanifuata kila tarehe 5, kwa hivyo elfu 15 si ya kucheka. Nilikataa. Nikaona video hiyohiyo wiki iliyofuata, sura ingine, machozi mahali palepale.

Kama mathe ama buda yako ana presha, muulize leo jioni anakunywa nini kando ya tembe. Wengi hawaambii daktari, wanaogopa kugombezwa. Angalia kama chupa imeandikwa kilichomo na kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Halafu siku ya kliniki, ibebe umwonyeshe daktari.