Kuunda kompyuta ya "Mac" kwa kazi ya video Migori na Homa Bay: mimi nasema hapana

Haya jamani, hili jambo tulizungumze leo tulimalize. Vijana wanaopiga video kuanzia Isebania mpaka Kendu Bay wameniuliza swali moja kwa namna kumi: "Omera, nikichukua kompyuta ya ex-UK, niiongezee RAM, niitie kadi ya picha, halafu niipakie mfumo wa Mac ili nitumie Final Cut, si nitakuwa nimeokoa pesa?"

Ungeniuliza mwaka 2015 ningekwambia jaribu. Leo nakwambia usijaribu. Sikuambii hivyo kwa sababu ni vigumu (ni vigumu, lakini mtu mwenye subira huweza). Nakuambia kwa sababu ya kazi yenyewe unayoifanya.

Wasomaji wa Nairobi wakisikia "kuhariri video" hufikiria matangazo ya biashara na filamu. Huku kwetu mkate wa mpiga video ni mazishi. Mwili unafika nyumbani Ijumaa, watu wanakesha, Jumamosi ni hotuba kuanzia asubuhi mpaka jua linageuka. Jamaa walioko Marekani na Uingereza wanataka kuona kila kitu, na wanakitaka mapema. Kisha kuna harusi, ibada, video za ohangla na benga, na mikutano ya siasa. Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za Madaraka zilipofanyiwa Homa Bay, kila mwenye kamera alikuwa na kazi. Sasa, bendi ya ohangla unaweza kuirudisha uwanjani icheze tena. Mazishi huwezi kuyarudia. Mashine inayobeba picha hizo lazima uiamini, na hapo ndipo ninapogombana na hakintoshi.

Kwa wasioijua: hakintoshi ni kompyuta ya kawaida iliyodanganywa, au tuseme ni mfumo wa Mac uliodanganywa, ukakubali kukaa kwenye kompyuta ambayo Apple hawakuiunda. Mambo yalianza Juni 2005 Apple walipotangaza kwamba Mac zitahamia kwenye prosesa za Intel. Mac za kwanza za aina hiyo zikatoka Januari 2006, na tangu hapo Mac, kwa ndani, ikawa inafanana sana na kompyuta yoyote iliyoko kwenye saiba. Tofauti kubwa ikabaki kwamba mfumo ukiwaka huulizia kichipu fulani kilichomo kwenye Mac halisi peke yake. Wajanja wakaandika programu ya kujibu swali hilo kwa niaba ya kichipu ambacho hakipo. Siku hizi programu ya kuwashia inayotumika zaidi ni OpenCore. Inasimama kati ya ubao mkuu wa kompyuta na mfumo wa Mac, inauambia mfumo "hii ni iMac ya mwaka fulani", inapachika draiva zinazokosekana, kisha inajitoa njiani. Kama mtu wa programu nasema wazi kwamba ni kazi ya kupendeza mno. Ukitaka kujua kompyuta huwakaje, hakuna darasa zuri kuliko hilo.

Na sababu ya watu kuitaka ilikuwa ya maana. Juni 2011 Apple walitoa Final Cut Pro X kwa dola 299.99, unalipa mara moja basi. Miaka miwili baadaye, 2013, Adobe wakahamishia Premiere mpya kwenye malipo ya kila mwezi. Kwa mtu ambaye mwezi mmoja ana mazishi manne na mwezi unaofuata hana hata moja, kulipa kila mwezi ni kama kukodi jembe wakati wa kiangazi. Final Cut pia ilikuwa nyepesi, na ilikwenda vizuri sana na ProRes, umbizo la video ambalo Apple walilitoa mwaka 2007. Mac yenyewe ndiyo iliyokuwa ghali. Basi mtu akaona: kompyuta nitaunda, programu nitanunua. Hesabu ilikubali.

Hesabu hiyo ilivunjika Juni 2020. Apple walitangaza wanaachana na Intel na kutumia chipu zao wenyewe, na ile ya kwanza, M1, ikatoka Novemba mwaka huo. Kufikia Juni 2023 hakukuwa tena na Mac mpya inayouzwa na Intel ndani. Kisha Juni 2025 wakasema macOS Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, ndiyo ya mwisho kukubali Intel. Maana yake ni kwamba hakintoshi haina toleo lijalo. Mfumo unaofuata umeandikwa kwa chipu ambayo hutaipata kwenye duka lolote la Luthuli Avenue, hata uwe na pesa ngapi.

Tena kwa kompyuta zinazofika kwetu mlango ulifungwa mapema zaidi. Ex-UK nyingi ninazoziona ni Dell OptiPlex na HP EliteDesk za Intel kizazi cha 3 na cha 4. Picha ya ndani ya kizazi cha 3 iliachwa na macOS Monterey mwaka 2021. Ya kizazi cha 4 iliachwa na Ventura mwaka 2022. Ukienda upande wa pili ukanunua mpya kabisa, umeruka: picha ya ndani ya prosesa za mezani za Intel kuanzia kizazi cha 11 mfumo wa Mac haukuwahi kuitambua. Kwa hiyo unatafuta kompyuta isiyo ya zamani mno wala mpya mno, na muuzaji hajui unachotafuta.

Kadi za picha ndizo zinazoumiza watu zaidi. Kijana anapanda basi la usiku, anafika Nairobi, ananunua GTX 1650 ya Nvidia kwa sababu ndiyo iliyopo na kila mtu anaisifu. Kadi hiyo haitafanya kazi kwenye Mac, leo wala kesho. Nvidia za miaka hiyo ziliishia kwenye High Sierra ya mwaka 2017, na hii ilitoka baada ya mlango kufungwa. Unahitaji AMD, tuseme RX 560 au RX 580, na zile kabati ndogo za ex-UK haziingizi RX 580 wala kisambaza umeme chake hakiiwezi. Kwa hiyo unanunua kabati, unanunua kisambaza umeme, na "kuokoa pesa" kunaanza kuota mabawa.

Kuna na sheria. Leseni ya Apple inaruhusu mfumo wao ukae kwenye kompyuta yenye jina la Apple tu. Sijasikia mtu aliyefuatwa Ndhiwa kwa kujiundia moja ya nyumbani. Lakini ukianza kuziunda na kuziuza, kumbuka Psystar ya Florida: walianza kuuza mwaka 2008, Apple wakawashtaki mwaka huo huo, na kufikia Desemba 2009 mahakama ilikuwa imewaamuru waache. Pia wengi hawapakii mfumo kutoka Apple. Wanapakua nakala iliyopikwa tayari na mtu wasiyemjua, kisha wanaingiza humo nywila zao na picha za wateja. Hilo linanitisha kuliko leseni.

Turudi kwenye umeme, maana huku hatuwezi kuzungumza kompyuta bila umeme. Kadi ya RX 580 peke yake imepimwa wati 185. Kompyuta nzima ikitoa video ya mwisho inaweza kula kama wati 300. Ukiwa na betri ya gari ya volti 12 na Ah 100, una wati-saa 1,200 kwenye karatasi, na ukitaka betri idumu utatumia nusu: 600. Hiyo ni saa mbili, kabla ya kuhesabu skrini na kinachopotea kwenye inveta. Mac mini ya M4, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 599 huko Marekani, Apple wenyewe wanasema kiwango chake cha juu ni wati 65. Betri ile ile, pamoja na skrini, inakupeleka saa sita hivi. Mvua ya Aprili ikikata umeme Jumamosi jioni na familia inangoja video Jumatatu, tofauti ya saa mbili na saa sita ni tofauti ya kulipwa na kutolipwa.

Dola 599 ni kama shilingi 77,000 ukihesabu dola kwa 129, kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Ni pesa nyingi, sitaki kujifanya sijui. Na kasoro yake kubwa kwetu ni kwamba RAM yake haiongezeki, ni sehemu ya chipu. Ikiharibika, fundi wa Rongo atakuangalia tu kwa huruma. OptiPlex ikiharibika, atakubadilishia kisambaza umeme kabla chai haijapoa. Kwa hiyo siwaambii wote mkanunue Mac. Mwenye kazi kila wiki na anayekosa umeme mara kwa mara, anunue hiyo. Wengine wote, ushauri wangu ni rahisi hata unachosha: undeni kompyuta, lakini muache iendeshe kile ilichoundwa kuendesha.

Maana ile sababu ya zamani, ya kulipa mara moja, haiko tena kwa Final Cut peke yake. DaVinci Resolve ya Blackmagic Design ina toleo la bure kwenye Windows ambalo halikupigi mhuri juu ya picha na linatoa video mpaka Ultra HD. Ukikua, toleo la Studio ni dola 295, mara moja. Na hapa ile Nvidia ya Luthuli Avenue inakaribishwa kwa mikono miwili! Resolve hupenda kadi nzuri, sikatai. Mwenye kompyuta dhaifu aende Kdenlive, programu huria, bure kabisa, inayokaa kwenye Windows na Linux.

Watu wanaosema "Windows inakwama" mara nyingi hawajui kinachokwama. Kamera na simu za leo hurekodi H.265, umbizo lililobanwa sana, na Intel ya kizazi cha 4 haina sehemu ya kulifungua kwa haraka. Prosesa inafungua kwa nguvu za misuli. Kuipakia mfumo wa Mac hakuiongezei hiyo sehemu, itakwama vile vile. Dawa ni kutengeneza nakala nyepesi za kuhariria, ambazo Resolve na Kdenlive zote zinazo. Unaziacha zijitengeneze usiku, asubuhi unakata video ukitumia hizo nyepesi, na mwisho programu inarudi kwenye picha asili.

Na wewe ambaye tayari una hakintoshi inayofanya kazi, usiivunje kwa sababu yangu. Zima masasisho ya mfumo yote. Weka nakala ya faili za kuwashia kwenye flashi mbili na uzijaribu kama kweli zinawasha. Wi-Fi ikikataa ukihamia Sonoma ya mwaka 2023, usishangae, draiva za kadi nyingi za zamani za Broadcom ziliondolewa hapo. Kazi ya mteja usiiache humo peke yake.

Hapo kwa nakala nimekuwa mkali na nitaendelea. Kamera moja inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili, mazishi ya saa tano: gigabaiti 450, kwa familia moja. Mac mini ya M4 ya bei ya chini ilitoka na 256. Kwa hiyo yeyote kati yenu, wa Mac au wa Windows, kabla ya kuniuliza kadi gani ya picha, anunue diski mbili za terabaiti 2. Moja ikae kwenye meza ya kazi na nyingine ikae nyumba nyingine kabisa, kwa mama au kwa shemeji, mpaka familia iseme imepokea video na imeiangalia yote.